Mikanda ya Picha Iliyolala Masandukuni

Katika nyumba nyingi za vijijini kwetu kuna kitu kidogo ambacho hakuna anayekitumia, wala hakuna anayethubutu kukitupa. Ni kikopo cheusi cha plastiki chenye kifuniko, na ndani yake kuna kikasha cha bati, na ndani ya kikasha umezungushwa mkanda wa picha ambao haujasafishwa bado. Hulala chini kabisa ya sanduku, pamoja na vyeti vya ubatizo, stakabadhi za zamani, na miwani ya babu aliyekwisha kufariki. Ukiuliza, utaambiwa, "Hizo ni picha za marehemu baba, alizipiga, lakini hazikupata kusafishwa." Ukiuliza tena mbona hazikusafishwa, utaambiwa ya kuwa fedha ilikosekana, au msafiri wa kwenda mjini hakupatikana, kisha duka lenyewe likafungwa. Hivyo imepita miaka ishirini au thelathini. Tumeona vema mwezi huu tuandike juu ya mikanda hiyo: ni kitu gani, husafishwaje, na kwa sababu gani yatupasa kuitoa masandukuni upesi.

Kwanza na tujue mkanda wenyewe ni kitu gani. Ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa gelatini, nayo gelatini ni gundi safi ipatikanayo kwa kuchemsha mifupa na ngozi za wanyama. Ndani ya gelatini hiyo zimetawanywa chembe ndogo mno za chumvi ya fedha. Twasema ile fedha ya madini ifanyayo pete na bangili, wala si fedha ya kununulia. Mwanga ukizigusa chembe hizo, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde moja, zinabadilika. Walakini badiliko hilo halionekani kwa macho. Ukiutazama mkanda gizani huoni kitu, na ukiutoa mwangani upate kuutazama, umeuharibu. Picha imo, nawe huioni. Ni kama mbegu iliyo chini ya udongo: aliyeipanda ajua ya kuwa ipo, lakini mvua ndiyo itakayoidhihirisha. Na mvua ya mkanda wa picha ni dawa. Mwingereza William Henry Fox Talbot aligundua jambo hili mwaka 1840, naye ndiye aliyeonyesha ya kuwa kutoka katika picha moja ya kinyume, yaani negativu, zaweza kutolewa nakala nyingi.

Je, picha iliyofichika namna hii yaweza kungoja muda gani? Iko habari ya kweli inayotufundisha. Mwaka 1897 Waswidi watatu, S. A. Andrée, Nils Strindberg na Knut Frænkel, walipanda puto wakitaka kufika Ncha ya Kaskazini ya dunia. Baada ya siku chache puto likashuka juu ya barafu, nao wakatembea kwa miguu majuma mengi, hata wakafia katika kisiwa kiitwacho Kvitøya. Hakuna aliyejua mwisho wao, mpaka mwaka 1930 mabaki yao yalipoonekana, na pamoja nayo filamu walizopiga. Bwana John Hertzberg wa Stockholm akazisafisha kwa uangalifu mkubwa, na katika picha 240 akaokoa 93. Watu waliokuwa wamekufa miaka 33 wakaonekana tena, wamesimama kando ya puto lao lililolala ubavu.

Lakini tusidanganyike kwa habari hiyo. Filamu za watu wale zililala katika barafu, nayo baridi hutunza. Mikanda yetu imelala katika joto la chini ya bati na unyevu wa masika. Joto huzichokoza chembe zile hata zikaanza kubadilika zenyewe pasipo mwanga, ndipo picha hutokea imefunikwa kama kwa ukungu wa asubuhi. Unyevu nao huleta kuvu, maana gelatini ni chakula kizuri cha kuvu. Tena plastiki ya asetati, ambayo mikanda mingi imefanywa kwayo, ikizeeka huanza kunuka siki, ikakunjamana na kukatika. Wazee wetu walisema akiba haiozi. Walisema kweli juu ya mambo mengi, ila akiba hii huoza.

Tena kuna hatari ya pili, nayo ni kwamba wasafishaji wenyewe wanazidi kupungua. Zamani haikuwa hivyo. Mmarekani George Eastman alipoanza kuuza kamera ya Kodak mwaka 1888, kwa dola 25, ndani yake mlikuwa na mkanda wa picha 100. Ukiisha kuzipiga zote, ulipeleka kamera nzima mjini Rochester pamoja na dola 10. Nao huko waliusafisha mkanda, wakatoa picha, wakatia mkanda mpya, wakairudisha kamera kwako. Tangu hapo mpiga picha na msafishaji wakawa watu wawili. Mwaka 1934 kikatokea kile kikasha kidogo cha bati tunachokijua, ambacho mkanda wake una upana wa milimita 35. Nyumba za picha zikaenea hata pwani yetu. Mjini Unguja, Bwana Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na watu wa kila namna walikwenda kwake wakiwa wamevaa nguo zao njema.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1975 fundi mmoja wa kampuni hiyo hiyo ya Kodak, jina lake Steven Sasson, alitengeneza kamera isiyotumia mkanda. Wakati ule watu hawakuitilia maanani, lakini kamera za namna hiyo zikaja zikaingia katika simu ya kila mtu, na mwaka 2012 Kodak yenyewe ikalazimika kuomba ulinzi wa mahakama kwa ajili ya madeni. Maduka ya kusafishia picha yakafungwa mji kwa mji. Itazameni habari ya filamu ya rangi iliyoitwa Kodachrome. Iliuzwa tangu mwaka 1935, na dawa zake zilikuwa za peke yake. Nyumba ya mwisho duniani iliyoweza kuisafisha, katika mji mdogo wa Parsons, jimbo la Kansas, ilikoma kuipokea tarehe 30 Desemba 2010. Aliyechelewa baada ya siku hiyo hakuwa na mahali pa kupeleka mkanda wake upate kutoa rangi zake. Mikanda yetu mingi, kwa bahati njema, si ya namna hiyo, na bado wako wanaoisafisha. Lakini nani ajuaye mlango utakaa wazi mpaka lini?

Sasa na tueleze yaliyotokea kwetu. Shule tunayofundisha iko huku milimani Usambara. Miaka michache iliyopita paa la ghala la shule lilitengenezwa upya, na vitu vyote vikatolewa nje. Katika kabati la mwalimu mkuu wa zamani tulikuta kopo la majani ya chai, na ndani yake mikanda mitatu. Wazee wakakumbuka mara moja. Mwalimu yule alikuwa na kamera, naye alipiga picha siku ya kufunguliwa darasa jipya mwaka 1994, na siku za arusi, na wanafunzi wakiwa wamepanga mistari. Baadaye akahamishwa, akaugua, akafariki. Kamera yake haikujulikana ilikokwenda, mikanda ikabaki.

Kabla wazee hawajakutana kuamua la kufanya, mvulana mmoja wa darasa la nne alikibandua kikasha kimoja kwa msumari, akauvuta mkanda wote nje juani, apate kuziona picha. Hakuona kitu ila utepe wa rangi ya kahawia. Hatukumpiga, maana hakufanya kwa ubaya. Alifikiri kama watu wote wa siku hizi wanavyofikiri, kwamba picha ni kitu cha kutazamwa papo hapo ilipopigwa. Lakini zile picha 36, au hesabu yo yote iliyokuwamo, zilikwisha katika kufumba na kufumbua, wala hakuna fundi wala dawa iwezayo kuzirudisha. Mkanda ambao haujasafishwa ukiona jua mara moja tu, basi.

Ikabaki mikanda miwili. Wazee walipokaa, mmoja wao alisema, "Shule haina madawati ya kutosha. Kwa nini tutumie fedha kwa ajili ya picha ambazo pengine hazipo?" Neno lake halikuwa la kijinga, na watu wengi walitikisa vichwa kumwunga mkono. Ndipo akasimama bibi mmoja, mjane, akasema, "Mwanangu wa kwanza alisoma katika darasa lile. Alikufa angali mdogo, na sikupata picha yake hata moja. Madawati yatanunuliwa mwaka huu au mwaka ujao. Kama mwanangu yumo humo, nitampata wapi tena?" Hakuna aliyemjibu. Fedha ikachangwa palepale, nayo jumla yake haikufikia bei ya mbuzi mmoja.

Swali likawa: tupeleke wapi? Sisi walimu tulikuwa tumekwisha kupata fundisho siku za nyuma. Chama chetu kilipeleka mkanda wa mkutano katika duka moja la mjini, ambalo hatulitaji jina. Walitusafishia, wakatupa picha zetu katika diski ya kompyuta. Tulipouliza negativu zetu tulijibiwa ya kuwa zimetupwa, maana siku hizi hazihitajiwi. Miaka mitano baadaye diski ile ilikataa kusomwa na mashine yo yote, na mkutano wetu ukawa kama haukuwako. Kwa hiyo safari hii tuliulizia kwanza kwa simu: Je, mnarudisha negativu? Nyumba mbili zilisema la. Ya tatu, iliyoko Dar es Salaam, ilisema ndiyo. Hatukuipeleka mikanda kwa posta. Mmoja wetu aliyekuwa akienda kwa shughuli nyingine aliitia mfukoni mwake, akapanda basi.

Huko alipokewa na fundi, binti kijana aliyevaa glavu nyeupe. Baada ya "Shikamoo, Mwalimu" na "Marahaba, mwanangu," alivichukua vikasha viwili akavisoma kama daktari asomavyo cheti cha mgonjwa. Akauliza: Mikanda hii ilipigwa mwaka gani? Ilikaa mahali pa joto au pa baridi? Mmejaribu kuifungua? Kisha akasema, "Mwalimu, siahidi kitu. Nitafanya kwa uangalifu, lakini miaka imefanya kazi yake kabla yangu." Tulipoletewa neno hilo tulimwamini zaidi kuliko kama angalituahidi mengi. Fundi anayeahidi kila kitu juu ya mkanda wa zamani haijui kazi yake, au hasemi kweli.

Akaonyesha pia herufi zilizoandikwa juu ya kikasha: C-41. Hilo ndilo jina la utaratibu wa kusafisha filamu za rangi zitoazo negativu, ulioanza mwaka 1972. Wasomaji walio na mikanda na watazame herufi hizo, maana filamu ya rangi na ile ya weusi na weupe kila moja ina dawa zake, na fundi asipojulishwa aweza kuharibu.

Kazi yenyewe huendeshwa hivi. Fundi huutoa mkanda katika kikasha gizani kabisa, kwa kupapasa kwa vidole tu, akautia katika chombo kisichopitisha mwanga, au katika mashine iliyofungwa. Kisha hutiwa dawa ya kwanza, ile ya kutokeza picha, ikiwa na joto la digrii 37.8, kwa muda wa dakika 3 na sekunde 15. Joto likizidi au likipungua kidogo, rangi hupotoka. Dawa hiyo huzikuza chembe zilizoguswa na mwanga kuwa fedha kamili, na kando ya kila chembe hutokea rangi. Dawa ya pili huigeuza fedha hiyo ipate kuyeyuka. Dawa ya tatu huiyeyusha na kuiondoa, pamoja na chembe zote ambazo hazikuguswa na mwanga. Hii ndiyo dawa ya kukaza, kwa kuwa baada yake mwanga hauwezi tena kuidhuru picha. Sir John Herschel ndiye aliyegundua mwaka 1819 dawa iyeyushayo chumvi za fedha, na mwaka 1839 ikaanza kutumiwa katika picha. Mwisho mkanda huoshwa kwa maji, ukaanikwa mahali pasipo vumbi. Filamu ya weusi na weupe husafishwa kwa dawa nyingine, kwa kawaida katika joto la digrii 20, na fedha yake hubaki ndani ya picha. Ndiyo sababu picha hizo hudumu kuliko za rangi, maana rangi hufifia lakini fedha hukaa.

Mkanda ukikauka, huonekana mambo ya kinyume. Mbingu ni nyeusi, vivuli ni vyeupe, na nyuso zetu zang'aa kama taa. Mtu asiyejua aweza kudhani kazi imeharibika. Hiyo ndiyo negativu, shina la picha zote. Zamani fundi aliipitisha mwanga juu ya karatasi yenye dawa, na yaliyo kinyume yakageuka tena kuwa sawa. Siku hizi wengi huiskani, yaani mashine huisoma negativu kwa kupitisha mwanga ndani yake, ikapima kila mahali pana mwanga kiasi gani na rangi gani, ikageuza kinyume, ikaandika hesabu hizo katika kompyuta. Picha moja ya mkanda wetu ni ndogo, milimita 24 kwa 36 tu. Mashine ikiigawa kwa nukta 2,000 upande mmoja na 3,000 upande wa pili, zapatikana nukta 6,000,000, nazo zatosha kufanya picha nzuri ya kutundika ukutani. Ikigawanywa kwa nukta chache mno, picha itafaa kutazamwa katika simu tu. Basi mtu asiseme tu, "Niskanieni," bali aulize, "Kwa nukta ngapi?" Vumbi nalo ni adui, maana unyoya mmoja uliokaa juu ya negativu huonekana katika picha kubwa kama kamba.

Hapa yatupasa kutaja jambo moja linalotuhusu sisi Waafrika. Mashine ya kuskani haijui uso wa mtu una rangi gani. Huongozwa na fundi na kwa mazoea ya watengenezaji. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilipeleka katika nyumba za kusafishia picha kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, ambayo mafundi waliizoea kwa jina la Shirley, ili warekebishe mashine zao mpaka ngozi yake ionekane vema. Ngozi yake ikawa kipimo cha ngozi zote. Basi mtu mweusi akisimama karibu na mtu mweupe, mmoja alionekana sawasawa, na mwingine akabaki macho na meno. Katika miaka ya 1990 kampuni hiyo ilitoa kadi zenye watu wa rangi mbalimbali. Hata hivyo yafaa kumwambia fundi, "Usitung'arishe, wala usituzamishe gizani, tuache kama tulivyo." Yule binti wa Dar es Salaam hakuhitaji kuambiwa. Alirekebisha picha moja moja, akitazama nyuso kwanza, nguo baadaye.

Baada ya majuma mawili matokeo yakaja. Katika picha 72 za mikanda miwili, picha 31 zilionekana vema. Nyingine zilikuwa ukungu mtupu wa zambarau. Negativu zote zikarudi, zimekatwa vipande vya picha sita sita na kutiwa katika mifuko yake. Tukatoa nakala za karatasi, tukaandika namba nyuma ya kila moja kwa penseli, tukafungua daftari jipya. Kisha tukaketi uani kwa shule pamoja na wazee, maana sisi wenyewe hatukuwajua waliomo. Picha ilikuwa imetokea, lakini ilikuwa haijasema neno.

Yule bibi mjane ndiye aliyejua kuliko wote. Aliweka kidole juu ya uso wa kila mtoto, akatazama, akataja jina, na jina la baba, na mahali alipokwenda, kisha akakisogeza kwa mwingine. Sisi tuliandika. "Huyu aliolewa Korogwe. Huyu ni yule seremala. Huyu mbebaji wa kuni ni mama yake seremala, na huyo mgongoni ni seremala mwenyewe." Aliitwa seremala, mtu mzima mwenye watoto wanne. Mama yake alifariki yeye akiwa hajajua kutembea, naye hakuwahi kuuona uso wake. Alisimama na ile karatasi muda mrefu, kisha akauliza kama aweza kwenda nayo nyumbani kuwaonyesha watoto. Tukampa.

Siku mbili zilipita katika kazi hiyo. Mwana wa bibi hakuonekana katika picha 31. Labda alikuwa katika zile za ukungu, labda katika mkanda ulioona jua, labda hakupigwa kamwe. Bibi aliitazama picha ya mwisho, akairudisha juu ya nyingine, akasema, "Basi. Andikeni na hawa wawili wa nyuma, nisije nikawasahau." Akataja majina yao. Alifariki kabla ya mwaka ule kwisha. Katika daftari letu kuna nyuso nne ambazo mbele yake tumeandika alama ya kuuliza tu, maana siku zile hakuwa na hakika nazo, akasema atafikiri. Fundi alifanya kazi yake, na dawa zikafanya kazi yake, lakini watu wale wanne hawana tena wa kuwataja.

Kwa sababu hiyo twasema ya kuwa mkanda uliolala sandukuni una saa mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni saa ya kuvu na joto. Ya pili ni saa ya wazee. Hata kama mikanda yetu ingelala katika barafu kama ile ya Waswidi, isingetufaa kitu ikiwa wote wazijuao nyuso wamekwisha kuondoka.

Basi, wasomaji wapenzi, haya ndiyo tuliyojifunza, nanyi myapime. Kwanza, msiufungue mkanda nyumbani kuona kilichomo, na watoto waambiwe hivyo. Mpaka siku ya kuupeleka, ukae mahali pakavu na pa baridi, mbali na bati na jiko. Pili, ukimpa msafiri wa ndege, mwambie asiutie katika mzigo wa kupimwa kwa mashine za miali, kwa kuwa miali hiyo hudhuru filamu ambayo haijasafishwa. Auchukue mkononi, aombe ukaguliwe kwa macho. Tatu, kabla ya kutoa fedha ulizeni mambo matatu: Mwasafisha wenyewe? Mwaskani kwa nukta ngapi? Mwarudisha negativu? Wakikataa la tatu, nendeni kwingine. Nne, picha za kompyuta ziwekwe mahali pawili palipo mbalimbali, na zile zilizo za maana zitolewe pia katika karatasi, maana karatasi haihitaji mashine ya kuisoma. Diski huharibika na simu huibiwa, bali negativu iliyotunzwa vema yaweza kuskaniwa tena na wajukuu kwa mashine bora kuliko za leo.

Tano, na hili ndilo kubwa: andikeni majina. Mali bila daftari hupotea bila habari, na uso bila jina hupotea vivyo hivyo, ijapokuwa upo mbele ya macho. Andikeni kwa penseli, nyuma ya picha au katika daftari: nani, mwana wa nani, wapi, mwaka gani. Wala msingoje mpaka wazee wawe na nafasi. Chukueni picha mkawafuate walipo.

Jioni ya leo fungueni masanduku yenu, mkatazame chini ya vyeti na stakabadhi. Mkikuta kikopo cheusi, msikirudishe tena mahali pake.